Kabla ya kumpima dome, pimeni matope

Dome, mnyama wa baharini wa jamii moja na pweza na ngisi, anajua kuficha ushahidi wa alichokula. Mdomo wake mgumu, uliopinda kama wa kasuku, humsaga kaa au kamba mpaka asitambulike, na kilichobaki humeng'enywa upesi. Ukimpasua aliyenaswa kwenye mtego wa dema, mara nyingi utakuta tumbo tupu au uji usiosema kitu. Na hicho kidogo kilichomo huenda amekila humo humo demani! Ndiyo maana siwalaumu watafiti waliohamia kwenye isotopi thabiti, yaani atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito na zisizooza, kusoma mlo wake. Ninachowalaumu ni haraka yao.

Kazi yenyewe ni hii: nyama ya dome inakaushwa, inasagwa, miligramu moja hivi inafungwa katika kikopo kidogo cha bati na kuchomwa, kisha gesi inayotoka inapimwa kwa spektromita ya masi, mashine inayotenganisha chembe kwa uzito wake. Naitrojeni-15, ile nzito, huongezeka kwa wastani wa sehemu 3.4 kwa elfu kila mlaji anapopanda ngazi moja juu ya kile anachokila. Kaboni-13, kaboni nzito, hubadilika kidogo sana, lakini inaeleza chimbuko la chakula: kwa sehemu kwa elfu zikilinganishwa na kipimo rejea, nyasi za baharini huwa karibu na −10, planktoni (viumbe vidogo vinavyoelea majini) karibu na −20, majani ya mikoko karibu na −28.

Sasa chukua Unguja. Ghuba ya Chwaka ina mikoko na nyasi za baharini. Upande wa pili wa kisiwa, Mji Mkongwe umekuwa ukimwaga maji taka baharini. Tuseme dome wa Chwaka akasoma 10 kwa naitrojeni na wa mjini akasoma 13. Mwenye haraka ataandika kwamba wa mjini anakula wanyama wa ngazi ya juu zaidi. Mimi siandiki hivyo. Naitrojeni ya maji taka ina naitrojeni-15 nyingi tangu mwanzo. Inaingia kwenye mwani, kwa konokono, kwa kaa, hadi kwa dome. Dome hao wawili huenda wanakula mlo ule ule kabisa, tofauti ikawa ya choo tu.

Tatizo jingine ni muda. Dome hukua mbio, kwa hiyo nyama yake inasimulia wiki chache zilizopita. Mdomo hutunza habari za zamani: ncha iliota angali mdogo, kingo zimeota juzi. Watafiti Yves Cherel na Keith Hobson walionyesha mwaka 2005 kwamba midomo ya jamii hii inafaa kwa kazi hiyo. Ila mdomo una kitini, dutu ngumu kama ya ganda la kaa, na kitini hushusha naitrojeni-15 chini ya ile ya nyama, kwa hiyo kuchanganya namba za nyama na za mdomo bila kurekebisha ni kujidanganya.

Tena namba haimtaji kaa kwa jina. Mvuvi anaweza kumtaja, na kumuuliza hakuhitaji spektromita.

Ningepewa fedha za kupima sampuli 50 tu, dome wasingezidi 20. Zilizobaki zingekuwa nyasi, mwani, majani ya mikoko, matope, konokono na kaa, kutoka kila mahali nilipovua dome, na msimu ule ule, ili nijue naitrojeni ya kila mahali inaanzia wapi. Msimamizi atalalamika kwamba dome ni wachache kwa utafiti unaobeba jina lao. Alalamike tu.