Daktari wa huku anapokea simu, wa kwetu anataka barua

Asubuhi ya leo niko jikoni hapa Leicester, Uingereza, nasikiliza redio, wanaongelea surua, mtangazaji kampigia daktari wa chanjo na daktari kapokea, yuko hewani laivu, kabanwa swali gumu akajibu "hilo bado hatujui, tunalifuatilia". Basi. Nimefurahi mpaka roho imeniuma, maana nimefanya redio Arusha miaka na kitu kama hicho sikukipata hata siku moja.

Watu wa Arusha meno yetu mnayajua. WHO wanasema floraidi, madini ya kwenye maji yanayoyatia meno rangi ya kahawia yakizidi, isizidi miligramu 1.5 kwa lita na maji mengi ya upande wa Meru yanapita hapo mbali tu, wala sio siri, Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kabisa, walishughulika na kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa. Sasa nenda kaulize kitu kidogo, kisima cha shule hii kina ngapi? Mtaalamu anayo namba, iko kwenye faili mezani kwake, na mkono kaweka juu ya faili anakwambia mimi sio msemaji dada, andika barua kwa mkurugenzi. Mkurugenzi yuko Dodoma kikaoni. Saa kumi mhariri anataka stori, unarusha maneno ya mwenyekiti wa kitongoji, kesho yake mtaalamu yuleyule analalamika waandishi mnapotosha!

Najua yupo atakayesema huyu kafika Ulaya juzi ashaanza kutudharau. Hapana jamani. Huku walishachemka vibaya, 1998 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa daktari Wakefield uliohusisha chanjo ya surua na usonji, magazeti yakaushabikia na wazazi wakagoma kuchanja. Lakini aliyefumua kwamba utafiti ule ulikuwa wa udanganyifu ni mwandishi, Brian Deer, na 2010 Lancet wakaufuta. Alikuwa na pa kuuliza na karatasi za kusoma.

Na usiniambie wataalamu wetu hawana akili, hapo tutagombana. Kuna utafiti umefanyika Moshi, ukatoka 2013, wagonjwa 870 waliolazwa na homa, zaidi ya nusu wameandikiwa malaria, wenye malaria kweli hawakufika hata asilimia 2. Ni kazi kubwa ile, imefanyika hapo hapo kwetu! Mama yangu Majengo akipata homa bado anakimbilia dawa ya malaria duka la dawa, nani alimwambia matokeo hayo? Ila kikombe cha Loliondo, ile dawa ya Babu, 2011 alikijua ndani ya wiki, kwa sababu aliyesema kapona anaongea bure na saa hiyohiyo, daktari anasubiri kibali.

Wengine mtasema wataalamu wanaogopa, na yale marekebisho ya sheria ya takwimu ya 2018, yaliyofanya kutangaza takwimu za kupinga za serikali kuwa kosa la jinai, nani asiogope. Kweli, ila sheria ililegezwa 2019 na watu bado wanaitumia kujifichia. Mimi siombi makubwa, kipimo cha maji ya kila shule kibandikwe ukutani ofisi ya kata, chini yake namba ya simu ya aliyepima, na mwandishi akipiga, bosi amwache mtu wake aongee.