Nauli Inapingwa, Kanuni Inapita: Reli za Marekani na Bei ya Mizigo

Kampuni ya reli ya Marekani ikitaka kumpandishia mteja nauli, haiombi kibali cha serikali wala haidaiwi maelezo. Sheria inaitaka itoe taarifa siku 20 kabla, kwa yeyote aliyeulizia nauli hiyo au kupanga kusafirisha mzigo wa aina hiyo katika miezi 12 iliyopita. Wakulima wa ngano wa Montana wakipata taarifa hiyo wakati wa mavuno, siku 20 zinatosha kusoma na kulalamika. Kutafuta reli nyingine hazitoshi, na sehemu nyingi za jimbo hilo reli nyingine haipo.

Anayeliona jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani ni uzembe wa watunga sheria. Sivyo. Marekani ilishajaribu njia ya kinyume kwa muda mrefu. Mwaka 1887 Bunge la nchi hiyo liliunda Tume ya Biashara baina ya Majimbo (ICC), baada ya kelele nyingi za wakulima na wafanyabiashara wadogo dhidi ya reli zilizowapa wakubwa punguzo la siri na kuwakamua wengine. Sheria ya Hepburn ya mwaka 1906 ikaipa tume hiyo meno ya kuweka ukomo wa nauli. Kwa miongo mingi bei ziliandikwa, zikawasilishwa, zikapingwa na kujadiliwa, huku malori yakijengewa barabara kuu na kuondoka na mizigo yenye faida. Penn Central, kampuni kubwa ya reli ya mashariki, ilifilisika mwaka 1970, na serikali ikalazimika kuunda kampuni ya reli ya Conrail ili treni za eneo hilo ziendelee kutembea.

Hapo ndipo ilipotoka Sheria ya Staggers ya mwaka 1980, ambayo iliziruhusu reli kupanga bei zenyewe na kufunga mikataba ya siri na wateja. Matokeo yake hayana ubishi mkubwa. Reli zilipona, uwekezaji ukarudi, na kwa zaidi ya miaka 20 nauli ya wastani, ukiondoa mfumuko wa bei, ilishuka. Ilianza kupanda tena katikati ya miaka ya 2000, kampuni kubwa zikiwa zimeshaungana na kubaki chache. Anayetaka kurudi kwenye mfumo wa zamani ana kazi ya kutueleza Penn Central nyingine ataizuia vipi.

Leo mzigo hupita katika njia tatu za bei. Kuna mkataba, ambao masharti yake wanayajua mteja na reli tu. Kuna nauli ya wazi, ambayo reli lazima imtajie yeyote anayeiomba, kwa kuwa sheria inailazimisha kubeba mzigo wa kila anayeomba kwa utaratibu unaofaa. Na kuna mizigo iliyoondolewa kwenye usimamizi kabisa, kama makontena mengi, kwa hoja kwamba lori ndilo mdhibiti wake.

Kinachowaudhi wateja ni kwamba behewa mbili zenye uzito uleule, zikipita njia ileile, zinaweza kulipiwa bei zinazopishana sana. Mwenye kontena linaloweza kwenda kwa lori hulipa kidogo. Mtambo wa umeme unaongoja makaa ya mawe kwenye reli pekee inayoufikia hulipa zaidi. Inaonekana kama uonevu, lakini hapa naziunga mkono reli. Daraja, handaki na njia yenyewe vina gharama isiyopungua hata treni zikipungua. Ukilazimisha kontena libebe sehemu sawa ya gharama hizo litahamia barabarani, na bili yote ya daraja itabaki kwa makaa. Mwenye makaa analipa zaidi ya mwenzake, ila analipa chini ya vile angelipa peke yake.

Swali ni je, zaidi hiyo iishie wapi? Sheria imeweka mstari kwenye asilimia 180. Tuchukue behewa moja ambalo gharama za moja kwa moja za kulisafirisha, yaani mafuta, wafanyakazi na uchakavu unaotokana na safari, ni dola 2,000. Nauli ikiwa chini ya dola 3,600, Bodi ya Usafirishaji wa Ardhini (STB), iliyorithi kazi za ICC mwaka 1996, haina mamlaka ya kuigusa. Ikifika hapo au kuzidi, mteja hajashinda bado. Athibitishe kwanza kwamba hana reli nyingine, lori wala mashua ya kumfaa. Akivuka hapo, ndipo athibitishe kwamba nauli yenyewe haifai.

Na uthibitisho huo ni kazi ya ajabu. Chini ya mwongozo wa mwaka 1985, mteja anatakiwa abuni reli isiyokuwepo: achore njia yake, ahesabu madaraja, anunue injini na kuajiri madereva, vyote kwenye karatasi, kisha aonyeshe kwamba reli hiyo ya kubuni ingebeba mzigo wake kwa bei nafuu na bado ikapata faida ya haki. Kiuchumi wazo ni safi, maana linauliza bei ingekuwa ngapi kama mshindani angeweza kuingia sokoni. Lakini linataka wanasheria, wahandisi na mamilioni ya dola. Kampuni ya umeme inaweza kuyamudu.

Wakulima je? Kesi ya McCarty Farms ndiyo kipimo. Wakulima wa ngano na shayiri wa Montana waliishtaki reli ya Burlington Northern mwaka 1980, mwaka uleule wa Sheria ya Staggers. Katikati ya safari tume iliwapa ushindi na kuamuru walipwe fidia, mahakama ya rufaa ikairudisha kesi, kipimo kikabadilika, na mwaka 1997 STB ikaamua kwamba nauli zile hazikuwa na kosa. Miaka 17. Huenda uamuzi ulikuwa sahihi kwa hesabu zake, lakini mfumo unaohitaji muda huo kujibu kama bei ya kubeba ngano ni halali haumsaidii anayeuza ngano kila mwaka.

Majaribio ya kufupisha njia yamekuwepo. Mwaka 2015 kamati ya wataalamu iliyofanya kazi kwa agizo la Bunge ilishauri hesabu za asilimia 180 ziachwe, nauli zilinganishwe na zile za maeneo yenye ushindani, na migogoro ipelekwe kwa msuluhishi. Desemba 2022 STB ikapitisha utaratibu wa kesi ndogo: kila upande ulete bei yake ya mwisho, bodi ichague mojawapo. Reli zilienda mahakamani zikidai kwamba sheria inaitaka bodi ipime yenyewe nauli inayofaa, na kuchagua kati ya karatasi mbili si kupima. Agosti 2024 mahakama ya rufaa ikakubali na kuufuta utaratibu huo. Kisheria sioni pa kuilaumu mahakama. Wa kulaumiwa ni Bunge, ambalo limeacha maandishi ya mwaka 1980 yaongoze soko la leo.

Kelele nyingi, hata hivyo, huishia kwenye nauli, na nadhani hapo ndipo wateja wanapopoteza shabaha. Pamoja na orodha ya bei, kila reli kubwa ina vitabu vya kanuni. Kimoja cha BNSF, reli kubwa ya magharibi, hujulikana kwa namba yake, 6100. Katika vitabu vya namna hiyo ndimo mna saa za bure za kupakia na kupakua, tozo ya behewa lililokawia, adhabu ya kuzidisha uzito, masharti ya kughairi oda. Vitabu hivi hurekebishwa mara kwa mara, na ingawa mabadiliko ya masharti nayo yanahitaji taarifa ya siku 20, kwa mteja asiye na mkataba hakuna meza ya kuyajadili.

Tozo ya kukawiza behewa inaonyesha vizuri pande zote mbili. Reli ina hoja nzito: behewa linaloachwa kwenye uwanja wa kiwanda wiki nzima limegeuzwa ghala la bure, na mteja mwingine anakosa behewa. Sheria yenyewe inataka tozo hiyo ipangwe ili kuhimiza matumizi mazuri ya mabehewa. Sasa tazama upande wa pili wa geti. Kinu kina reli ya ndani inayomeza mabehewa 10, na watu wake hupakua matano kwa siku. Kimeagiza matano kila siku. Treni inakwama njiani siku nne, halafu mabehewa 20 yanafika kwa mpigo. Kumi yanaingia, 10 yanabaki nje, saa za bure zinaisha, na bili inatoka. Aliyechelewesha ni reli, anayelipa ni kinu. Siku zile nne ambazo wafanyakazi walikaa bila kazi hazina tozo inayorudi upande wa pili.

Malalamiko ya namna hii yaliongezeka baada ya reli kadhaa, CSX ikiwemo tangu mwaka 2017, kubana ratiba na kupunguza injini na watu ili treni ziende kwa utaratibu mkali zaidi. Saa za bure nazo zilipunguzwa, na hilo si jambo la sadfa. Mwaka 2020 STB ilitoa tamko la sera ikisema kwamba tozo kwa ucheleweshaji ambao mteja hakuusababisha hazitimizi lengo lake. Ni maneno mazuri, ila ni sera, na mteja bado anatakiwa alete ugomvi wake mmoja mmoja.

Panapopigwa marufuku iliyo wazi, mambo hubadilika. Mwaka 2007 bodi ilizikataza reli kutoza nyongeza ya mafuta kama asilimia ya nauli, kwa sababu mzigo wenye nauli kubwa hauchomi mafuta mengi kwa kuwa tu nauli yake ni kubwa. Reli zikahamia kwenye hesabu za maili, na hakuna aliyefilisika.

Kwa hiyo mizani yangu imelalia hivi: bei ibaki huru kwa kiasi kikubwa, kanuni ibanwe. Kubana bei kuna hatari halisi ya kuua uwekezaji. Kudai kwamba saa za reli zihesabiwe kama zinavyohesabiwa saa za mteja hakuna hatari hiyo, na reli yenye huduma nzuri italipa kidogo sana. STB ilisogea upande huo Aprili 2024 ilipopitisha kanuni ya kumruhusu mteja wa reli moja kufikiwa na reli ya pili iwapo huduma imeshuka chini ya viwango vilivyotajwa. Julai 2025 mahakama ya rufaa iliifuta nayo. Mwezi huohuo Union Pacific na Norfolk Southern zilitangaza mpango wa kuungana, ili kampuni moja ipate njia ya kutoka pwani hadi pwani. Wateja watakaofika mbele ya bodi kuupinga au kuuunga mkono watashawishika kuomba ahadi za nauli. Waombe pia kifungu cha fidia reli inapochelewa, kiandikwe ndani ya kitabu cha kanuni, na kisiondolewe kwa taarifa ya siku 20.