Kilichozikuza familia za wauza mbegu za nyasi

Biashara ya mbegu ina ubaya mmoja ambao biashara ya sukari au mabati haina: mnunuzi hulipa leo, na ukweli wa alichonunua haumfikii mpaka mvua zinyeshe na ardhi ichipue, wakati ambapo fedha zimekwisha kutumika, msimu umepita, na muuzaji ana visingizio vya kutosha, kuanzia ukame hadi ndege. Kwa mbegu za nyasi ubaya huo huzidi. Kilo moja ya Kentucky bluegrass, nyasi inayopandwa sana mbele ya nyumba za kaskazini mwa Marekani, ina zaidi ya mbegu milioni 2, na kila moja ni nyepesi kuliko hata punje ya ulezi. Nusu asilimia ya uchafu katika kilo hiyo ni gramu 5 tu, lakini gramu hizo zikiwa ni mbegu za magugu, mteja amepanda maelfu ya magugu kwa mkono wake mwenyewe, kisha akayamwagilia maji na kuyawekea mbolea.

Ndiyo maana huwa sishawishiki ninaposikia kukua kwa biashara za kifamilia kukielezwa kwa bidii, umoja wa ukoo na baraka za wazee. Bidii wanayo wengi, na koo zenye umoja zimefilisika mbele ya macho yetu. Kwa maoni yangu, familia zilizokua katika kazi ya mbegu na nyasi zilikua kwa sababu zilikubali mapema, tena kwa hiari, bidhaa zao zipimwe na mtu asiye wa familia.

Chukua familia ya Scott. Orlando McLean Scott, askari aliyetoka katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, alianza kuuza mbegu na vifaa vya shamba mwaka 1868 katika mji mdogo wa Marysville, jimbo la Ohio. Hoja yake kwa wakulima ilikuwa moja tu, kwamba mbegu zake hazina magugu. Hoja hiyo haikuwa ya kishairi hata kidogo, kwa maana mkulima wa Ohio alijua vizuri kwamba gugu likishaingia shambani kupitia gunia la mbegu, watakaolipalilia ni wanawe na wajukuu wake. Mwanawe Scott, Dwight, ndiye aliyeona kwamba usafi uleule ungeweza kuuzwa kwa mteja wa aina nyingine. Mkulima wa malisho huvumilia magugu machache kwa kuwa ng'ombe atayala pamoja na nyasi, lakini mwenye uwanja wa gofu, au mwenye nyumba anayetazamana na jirani yake kila asubuhi, havumilii hata moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 familia hiyo ilikuwa ikituma mbegu za nyasi kwa posta, na mwaka 1928 ilitoa Turf Builder, mbolea iliyotengenezwa mahsusi kwa nyasi za viwanja badala ya mazao ya shamba. Katika mwaka huohuo ilianza pia kijarida cha Lawn Care, kilichowafundisha wateja jinsi ya kutunza nyasi na kuyatambua magugu. Mimi nakihesabu kijarida hicho kuwa jambo kubwa kuliko mbolea yenyewe. Muuzaji anayemfundisha mteja kulitambua gugu amempa kipimo cha kumhukumia yeye mwenyewe, na mwenye mbegu chafu hathubutu kufanya hivyo.

Ng'ambo ya Atlantiki, katika mji wa Reading nchini Uingereza, familia ya Sutton ilikuwa imetangulia. John Sutton alianza mwaka 1806 kama mfanyabiashara wa nafaka, na mwanawe, Martin Hope Sutton, akaigeuza biashara hiyo kuwa ya mbegu. Ili kuelewa alichokifanya kijana huyo ni lazima kukumbuka jinsi soko la mbegu la wakati ule lilivyokuwa limeoza. Wauzaji walikuwa wakichukua mbegu za bei nafuu zinazofanana na zile za bei ghali, wakaziua kwa joto ili zisiote na kuwaumbua, kisha wakazichanganya na mbegu hai ili kuongeza uzito. Mbegu iliyokufa ilikuwa shahidi asiyesema, kwa kuwa mkulima aliona tu kwamba shamba limeota kwa mapengo, akailaumu hali ya hewa. Katika bara la Ulaya hali haikuwa bora, kwani kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuchekecha mchanga hadi upate ukubwa wa mbegu za klova, mmea wa malisho, kuutia rangi inayofanana nazo, na kuuuza kwa wafanyabiashara waliouchanganya magunini. Uchakachuaji wa mafuta tunaoulalamikia sisi ni mtoto mdogo mbele ya ufundi huo.

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria dhidi ya uchakachuaji wa mbegu mwaka 1869, na mwaka huohuo mtaalamu wa mimea Friedrich Nobbe akaanzisha kituo cha kupima mbegu huko Tharandt, Ujerumani. Familia ya Sutton haikungoja sheria. Ilikuwa imekwisha kuanza kupima uotaji wa mbegu zake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1840, na bahati ikaikuta imejiandaa, kwa sababu mwaka 1840 reli ilifika Reading na barua ya nauli ya peni moja ikaanza kutumika nchini kote. Tangu hapo mkulima aliyekuwa mbali kabisa na Reading aliweza kuagiza mbegu bila kumwona muuzaji wala kulishika gunia. Wengi hueleza kukua kwa Sutton kwa reli na posta, lakini posta iliwafikia pia wachakachuaji, na iliwasaidia kidogo tu, kwani mtu hurudia kuagiza kwa asiyemwona pale tu ambapo agizo la kwanza liliota.

Kutoka hapo njia ya kuelekea kwenye nyasi za michezo ilikuwa fupi. Vilabu vya gofu na tenisi vilipoongezeka Uingereza, vilihitaji michanganyiko ya mbegu inayolingana na udongo na kivuli cha kila mahali. Mwaka 1912 mmoja wa wana wa ukoo huo, Martin H. F. Sutton, alihariri kitabu kizima kuhusu utengenezaji wa viwanja vya gofu.

Wapo watakaosema kwamba ninaipunguzia damu ya familia thamani yake. Nakubali kwamba familia ina jambo moja ambalo meneja wa kuajiriwa hana, nalo ni kuona haya kwa muda mrefu, kwa sababu jina lililo kwenye mfuko ndilo litakaloitwa shuleni watoto wanaposomewa orodha ya darasa. Hata hivyo haya peke yake haitoshi. Familia ya Scott iliachana na kampuni, nayo kampuni ikawa mali ya shirika kubwa la ITT mwaka 1971, na mwaka 1995 ikaungana na Miracle-Gro, kampuni ya mbolea za bustani ya familia ya Hagedorn, na familia hiyo ikawa mwanahisa mkubwa. Kwa hiyo familia ilirudi, japo ya jina jingine. Lakini mwaka 2012 kampuni hiyohiyo ilikiri mahakamani kwamba iliuza chakula cha ndege kilichotiwa viuadudu vyenye sumu kwa ndege, na kwamba nyaraka za usajili wa viuatilifu zilighushiwa, ikatozwa faini ya dola milioni 4. Jina lililojengwa juu ya usafi wa mbegu lilikuwa bado kwenye nembo, na familia yenye hisa nyingi ilikuwepo. Aliyeiwajibisha ni mahakama, yaani mtu wa nje.

Kwetu Afrika Mashariki mbegu kubwa za mazao zilishikwa kwa muda mrefu na mashirika ya umma, na familia nyingi zikabaki na kazi ya miche na nyasi za kupandikiza, ile unayoiona kando ya barabara za Nairobi na Arusha: mistari ya mifuko myeusi, rundo la samadi, na vipande vya nyasi vilivyopangwa kivulini chini ya gunia lililoloweshwa. Si kazi ndogo, na wala hatuna sababu ya kujiona wageni ndani yake. Nyasi ya kikuyu, iliyotoka katika nyanda zetu za juu, leo imetandazwa katika viwanja vya gofu vya Afrika Kusini, Australia na California.

Kwenye mbegu za mazao tumeanza kuelewa. Mamlaka za ukaguzi wa mbegu, KEPHIS nchini Kenya na TOSCI nchini Tanzania, zimeweka lebo ambazo mkulima anaweza kuzikwangua na kuhakiki kwa simu kabla ya kupanda, ingawa mbegu feki bado zipo madukani. Nyasi za kupandikiza hazina lebo. Ugonjwa wake mkuu, kwa yeyote aliyewahi kuotesha bustani, ni ndago. Kipande cha nyasi huja kikiwa kijani na kizuri, nawe hukioni kiazi cheusi kilicholala kwenye udongo wa chini yake, na baada ya mvua mbili majani ya ndago yanasimama juu ya nyasi zako yakiwa membamba na yanayong'aa, na kuyang'oa ni kuyakata nywele tu, kwani kiazi hubaki chini na kuzaa vingine.

Nimewahi kununua kwa mama mmoja mwenye kitalu ambaye, kabla hatujataja bei, alikiinua kipande cha nyasi, akakigeuza, akakung'uta udongo kwenye karai na kuupekua kwa vidole mbele yangu, huku mwanawe akisimama pembeni kwa uso wa mtu anayeona muda unapotea. Bei yake ilikuwa juu kuliko ya majirani. Nilimwuliza kama wateja hawamkimbii kwa bei hiyo, akanijibu kwamba wanaokimbia ni wale wa mara moja, lakini mafundi wa bustani wanaopewa kazi za hoteli na shule hurudi kwake, kwa kuwa wao ndio wanaoitwa kujibu ndago zinapoota.

Mwanawe atakapokirithi kitalu hicho atashawishika kuliacha karai, maana bango kubwa na akaunti ya Instagramu huleta wateja wengi kwa haraka zaidi. Mimi ningemshauri aongeze kitu badala ya kupunguza: aandike kwenye risiti aina ya nyasi, mahali udongo ulipotoka na tarehe ya kuchimbwa, kisha aahidi kuvibadilisha bure vipande vitakavyotoa ndago ndani ya msimu wa kwanza. Gharama yake haitakuwa ndogo mwaka wa kwanza, na huenda ikamlazimu kuacha kununua udongo kwa wenye malori ambao hawajui ulikochimbwa.