Saa ya kula ni kazi ya kiongozi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara mapumziko yasiyopungua dakika 60 akifanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano. Huku Ujerumani ninakoishi, anayezidisha saa sita za kazi anapewa dakika 30. Kwa maandishi, nyumbani tumewazidi Wajerumani mara mbili. Kwa vitendo hatujawafikia, na lawama naielekeza kwa viongozi wetu.

Huku ikifika saa sita mchana, mkuu wa idara anaacha kompyuta, anateremka kantini na kupanga foleni, sinia mkononi, nyuma ya kijana anayejifunza kazi. Akishatoka yeye, wengine nao wanatoka bila woga. Nyumbani nilizoea kikao kinachoanza saa nne, na saa nane bado tuko ajenda ya tatu. Mwenyekiti anaongea, watu wanachungulia simu chini ya meza, na hakuna anayethubutu kusema, "Mheshimiwa, tukale kwanza." Kufika saa tisa kila hoja inaungwa mkono, maana kila mtu anataka kutoka. Wiki inayofuata walewale wananung'unika kwenye korido kuhusu uamuzi waliopitisha wenyewe.

Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila unakula karibu asilimia 20 ya nishati yake. Ule ukali wa mchana tunaousamehe kwa kusema "bosi ndivyo alivyo", naamini mara nyingi ni njaa. Kahawa ya jioni haiiondoi. Inamfukuzia usingizi tu, na kesho anaingia ofisini amechoka tangu asubuhi.

Anayeniuma zaidi ni mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini. Akichelewa kula, sukari inaweza kushuka mpaka akatetemeka, akatokwa jasho, hata akazimia. Huyu asilazimike kujieleza mbele ya kikao kizima ndipo aruhusiwe kula.

Siwasifii Wajerumani kwa kila kitu. Wengi wao wanakula mkate peke yao mbele ya kompyuta, kimya. Sisi mtu akifungua chakula chake ofisini anamkaribisha jirani, na hapo karani na mhasibu wanaambizana mambo ambayo kikaoni yasingesemwa kamwe. Kiongozi anayejifungia kula peke yake, au asiyekula kabisa, hayo hayamfikii.

Kwa hiyo ninyi mnaoitisha vikao, andikeni saa ya chakula kwenye ajenda, na ikifika simameni wa kwanza. Sheria yetu inaruhusu mtu afanyishwe kazi wakati wa mapumziko pale tu kazi hiyo haiwezi kuachwa bila mtu au haiwezi kufanywa na mwingine. Kikao cha bajeti hakimo humo.