Pampu ya Maji ya Trekta Kuukuu: Fungua Kwanza, Nunua Baadaye

Ukiingia Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, kule ambako wengi wetu bado tunakuita Grogan, uulizie pampu ya maji ya Massey Ferguson 135, ni nadra muuzaji kutaka kujua ile ya zamani ina ugonjwa gani. Atakuwekea mbili kwenye kaunta: "Hii ni jenuini, hii nayo ni ya kawaida." Bei zake ni mbingu na ardhi, na mwenye trekta, kwa sababu ana haraka, huondoka na ya kawaida. Kwa maoni yangu, pesa nyingi za wakulima hupotelea hapo. Kama bodi, yaani gamba la nje, ya pampu ya zamani ingali nzima, hiyo ndiyo ya kurepea, na hiyo mpya ya bei rahisi ibaki dukani.

Nina sababu. MF 135 ilianza kuuzwa mwaka 1964 ikiwa na injini ya Perkins ya silinda 3, lita 2.5, na injini hiyo hiyo ikaja kufungwa kwenye trekta ya MF 240 miaka ya baadaye. Ndiyo maana hadi leo shafti, beringi, sili (kizuizi cha maji kwenye shafti) na impela (gurudumu linalosukuma maji) zake zinapatikana mjini bila kuhangaika. Vitu hivyo vinne ndivyo vinavyochakaa. Bodi ni chuma cha kusubu, kizito, na ikiwa haikuliwa na kutu itazika beringi kadhaa kabla ya kuchoka yenyewe.

Chini ya bodi kuna kitundu kidogo, na ningependa kila dereva wa trekta akijue. Kipo kati ya sili na beringi. Sili ikianza kuvuja, maji hutokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Kwa hiyo matone ya kitundu hicho ni taarifa: sili imechoka, beringi bado ina nafasi ya kupona. Inaniuma sana kukuta kitundu kimezibwa kwa gundi au kwa msumari uliopigwa nyundo. Aliyeziba hakuzuia uvujaji hata kidogo. Ameyaelekeza maji kwenye beringi, yakaosha grisi, na sasa kazi ya sili peke yake imegeuka kazi ya sili, beringi na shafti. Beringi ikifa feni, iliyofungwa kwenye shafti hiyo hiyo, ikiwa inazunguka kwa kasi, pangaboi zinaweza kuifikia rejeta, na hapo hatuzungumzi tena habari ya pampu.

Zima injini, shika pangaboi la feni, litikise mbele na nyuma. Likicheza, beringi imekwisha. Halafu pampu ifunguliwe na uitazame kwa macho yako. Cha kwanza ni mahali sili inapokaa: pakiwa pamejaa vishimo vya kutu, hata sili nzuri namna gani itavuja. Cha pili ni tundu linaloshika beringi. Beringi inapaswa kuingia kwa presi, mashine ya kukandamiza, na ikiingia kwa kusukumwa na kidole, tundu limepanuka. Wapo mafundi wanaopiga panchi pembeni mwa tundu ili beringi ikabwe. Usikubali, kwa sababu haikai. Mkerezaji mzuri wa Kariobangi Light Industries anaweza kuingiza bushi, lakini ukijumlisha gharama hiyo na ya spea, mara nyingi utajikuta umeikaribia bei ya jenuini. Hapo nunua jenuini. Bodi ikiwa na ufa, usipoteze muda kuijadili.

Kurepea kwenyewe si kazi ngumu, ila inataka presi na subira. Puli ivutwe kwa pula, isigongwe, maana chuma cha kusubu hupasuka. Kabla impela haijatolewa, fundi apime nafasi iliyopo kati yake na bodi. Akiirudisha karibu mno itakwaruza. Akiiacha mbali, pampu itazunguka vizuri tu huku maji yakisukumwa kidogo, na wewe utaanza kuilaumu rejeta. Uso wa kaboni wa sili usiguswe na mikono yenye grisi. Fundi akikuambia nyundo na kipande cha bomba vinatosha, mshukuru, uende kwingine.

Yote haya yana uzito zaidi huku kwetu kwa sababu tunaishi juu. Nairobi ipo karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Ukipanda Nyandarua, yanachemka mapema zaidi. Kifuniko cha rejeta chenye springi nzima hubana presha na kukuongezea nyuzi kadhaa za usalama, lakini pampu inayovuja haiwezi kushika presha hiyo. Trekta ikilima mlimani saa saba mchana, nafasi kati ya joto la kawaida na kuchemka ni ndogo kuliko vitabu vya Uingereza vinavyodhani. Hedi, yaani kichwa cha injini, ikipinda au kupasuka, bei ya pampu utaikumbuka kama sadaka.

Kuna wakati nitakuambia ununue mpya bila kusita. Ni Machi, mvua inanukia, majirani wanapanga foleni kulimiwa, na dereva anapiga simu kutoka Narok: "Boss, trekta inachemka." Siku hiyo si ya kusubiri pampu ije Nairobi kwa parseli ya matatu, ikae kwa fundi, irudi. Nunua, funga, lima. Lakini nenda dukani na ile ya zamani mkononi, au angalau picha na vipimo vyake, kwa sababu puli na matundu ya bolti hutofautiana. Hiyo mpya izungushe kwa mkono, usikilize kama inakwaruza. Weka rula ya chuma kwenye uso unaokaa gasketi, utazame kama mwanga unapita chini yake. Ikiwa nyepesi kuliko ya zamani na impela yake ni bati jembamba, irudishe kwenye kaunta hata kama boksi lina jina kubwa. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi tangu 2008, na spea feki bado zimejaa rafuni. Mlinzi wa kwanza wa pesa yako ni wewe mwenyewe.

Baada ya kufunga, osha rejeta kabla ya kujaza. Tafadhali usimwage humo maji ya chumvi ya visima vya Kitengela. Tumia kulanti. Wengi hudhani ni dawa ya barafu, na sisi hatuna barafu, kwa hiyo wanaiacha. Kazi yake kubwa kwetu ni kuzuia kutu na kuongeza kiwango cha kuchemka. Themostati, vali inayozuia maji kwenda rejeta hadi injini ipate joto, irudishwe mahali pake, hata kama fundi anasisitiza kwamba ukiitoa injini itapoa. Injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi hula silinda zake polepole. Mkanda wa feni nao usikazwe kama waya wa fensi, maana mkanda uliokazwa kupita kiasi ndio huua beringi mpya.

Na ile bodi ya zamani, kama ni nzima, usimpe mtu wa vyuma chakavu. Ipeleke ikarepewe msimu wa kulima ukiisha, wakati mafundi wana nafasi na hakuna anayekuharakisha, kisha uifunge kwenye nailoni na kuiweka stoo pamoja na gasketi yake. Mvua za Oktoba zikija, dereva akipiga simu tena, kitakachopanda matatu kwenda Narok ni pampu iliyo tayari kufungwa.