Msiwafundishe Vijana Wetu Kununuliwa

Juzi hapa Dodoma, kwenye kikao cha vijana wanaotengeneza programu, mtoa mada mmoja aliwaambia wanafunzi: tengenezeni gemu moja kali, kisha subirini kampuni kubwa ije iwanunue, hapo mmeshatoka kimaisha. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilikasirika, na bado nimekasirika.

Walionunuliwa yaliwapata nini? Studio ya gemu ya Westwood ilianzishwa Las Vegas, Marekani, mwaka 1985. Ndio waliotupa Command & Conquer, gemu ya vita tuliyokesha nayo kwenye kompyuta ya mtu mmoja bwenini, mmoja anajenga kambi, wengine wamesimama nyuma ya kiti wanadai zamu. EA, kampuni kubwa ya gemu ya Marekani, iliwanunua 1998. Kufika 2003, Westwood haipo. Studio nyingine, Bullfrog ya Guildford, Uingereza, ilinunuliwa na EA hiyohiyo mwaka 1995, ikafungwa 2001.

Mtasema hayo ya kale. Haya, Tango Gameworks ya Tokyo. Januari 2023 walitoa Hi-Fi Rush, gemu ambayo kila pigo la mhusika linakwenda na mdundo wa muziki, hadi miti na mitambo inacheza. Watu waliipenda kwelikweli. Aprili 2024 ikachukua tuzo ya uhuishaji ya BAFTA, tuzo kubwa za Uingereza. Mei 2024 Microsoft, mmiliki wao, ikatangaza kuifunga studio. Haukupita hata mwezi! Baadaye Krafton ya Korea Kusini ikaiokoa, lakini niambieni: hawa walikosea wapi? Walifanya kila tunachowahubiria vijana wetu, wakafungiwa mlango.

Ukishanunuliwa, mwenye kauli si tena yule aliyekesha akirekebisha namna mhusika anavyoruka. Ni mtu wa mahesabu aliye mbali, na kwake studio yenu ni mstari mmoja kwenye jedwali. Microsoft hiyohiyo ilitoa takribani dola bilioni 69 kuinunua kampuni ya gemu ya Activision Blizzard Oktoba 2023. Januari 2024 ikatangaza kuwapunguza watu 1,900 kwenye kitengo chake cha gemu. Mkulima wa Hombolo akiuza zabibu, msimu ujao atavuna tena. Akiuza shamba, amebaki kibarua kwenye mizabibu aliyoipanda mwenyewe, na siku yoyote anaambiwa asije kesho.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo walionunuliwa wakapaa. DMA Design ya Dundee, mji wa Uskoti usio mkubwa hata kidogo, iliuzwa mkono kwa mkono na leo ndiyo Rockstar North, watengenezaji wa Grand Theft Auto (GTA). GTA San Andreas yao ya 2004 nimeikuta hadi leo kwenye kibanda cha gemu Chang'ombe, kwenye PS2 iliyofunguliwa kifuniko ipate hewa, pedi imezungushiwa solotepu. Tena kuna waliojiangusha wenyewe: kampuni ya gemu ya THQ ilifilisika mwishoni mwa 2012, baada ya kujaza maghala kwa vibao vya kuchorea kwenye gemu ambavyo wateja hawakuvitaka. Na mishahara lazima itoke mahali, hilo silipingi.

Lakini kuna kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliyenionyesha gemu yake kwenye simu. Unaendesha bodaboda, unapakia abiria Sabasaba, unampeleka Ng'ong'ona, na ukifunga breki ghafla kwenye vumbi, abiria anakugombeza kwa Kigogo. Nilicheka mpaka machozi. Gemu hiyo haiwezi kutoka Tokyo wala Las Vegas, na siku atakapokuja mtu na hundi, ndiyo itakayokuwa mezani.

Mdogo wangu, kuna studio ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni: walichangisha fedha kwa watu mtandaoni, na mwaka 2016 wakaitoa gemu yao, Aurion. Njia hiyo ipo. Akija mwenye hundi, muuzie haki ya kusambaza, tena kwa muda maalumu. Jina, wahusika na msimbo vibaki mikononi mwako, na mkataba usomwe kwanza na wakili uliyemtafuta wewe, si wa kwake.