Pasi ile aliishika nani?

Juzi jioni kaka yangu katuma picha kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo. Pasi ya mkaa, kuukuu, kutu imeila pembeni, na jogoo wake mbele kasimama wima utadhani bado anawika. Chini yake kaandika: "Sisi ndio tuliolelewa. Watoto wa siku hizi hata kutandika kitanda hawajui." Dakika kumi hazijaisha, mioyo na dole gumba zimemiminika. Shangazi kaongeza "kweli kabisa mwanangu." Binamu yetu aliyeko Muscat kaandika kwa herufi kubwa kwamba zamani ilikuwa tamu.

Nikaitazama ile picha weee, nikajiuliza: huyu kaka pasi hii aliishika lini?

Maana mimi nilikuwepo. Ngamiani, Tanga, miaka ya 1980 mwanzoni. Jumapili baada ya alasiri ilikuwa zamu ya pasi, na zamu maana yake mimi wiki hii, dada wiki ijayo, kisha mimi tena. Unachagua makaa magumu, yale mepesi hayachelewi kuwa majivu. Unayakoleza kwenye jiko kwa kipepeo mpaka macho yakutoke machozi, unayahamishia ndani ya pasi kwa koleo, unafunga kifuniko, unamlaza jogoo. Halafu unaipunga mbele na nyuma ili hewa ipite kwenye yale matundu. Kitako unakifuta kwenye jani la mgomba. Unachovya kidole kwenye maji, unagusa: ikilia chwi, imekuwa tayari. Ikinyamaza, rudi jikoni.

Na cha kwanza kupigwa pasi si gauni langu. Ni shati jeupe la shule la kaka.

Siku moja cheche ikaruka. Tundu lenyewe halikuzidi punje ya mtama, ukingo wake wa kahawia, chini kidogo ya mfuko. Ilikuwa 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, yaani walanguzi na waficha bidhaa, watu wanatupa bidhaa vichakani usiku wasikutwe nazo, na bado shati la mtoto dukani hulioni. Nilichapwa fimbo tatu za mpera. Kaka akalivaa shati lake lenye kiraka wiki nzima akinuna, na mimi ndiye niliyembembeleza. Sasa leo ananitumia picha ya pasi na maneno ya busara!

Kinachonichoma zaidi si hata uongo wa kaka. Ni hili neno "malezi." Tumelipaka sukari mpaka hatuoni kilichokuwa chini yake. Nani alikwambia mama aliketi akapanga kwamba mtoto wa miaka kumi abebe maji ili awe na adabu? Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, ndoo yenyewe bado. Unajitwika ngata kichwani, mwenzio anakupandishia, shingo inazama mabegani, na ukifika nyumbani nusu ya maji imeshakulowesha mgongo. Safari nne kabla ya shule. Darasani nikisinzia, mwalimu ananiita mvivu. Mama alinituma kwa sababu maji hayakuwepo ndani na yeye alikuwa na mikono miwili tu. Basi. Mjomba alipovutiwa bomba mpaka uani kwake, sikumwona akiwapeleka wanawe bomba la mtaa asubuhi kwa asubuhi ili wasiharibike. Wale binamu wakalala mpaka saa kumi na mbili na nusu, na wote wamekuwa watu wazima wenye heshima zao. Mmoja ni imamu.

Na angalieni orodha ya hizo kazi tamu. Kukuna nazi: umekalia mbuzi, kifuu kikiisha unakuna vidole. Kusugua masizi ya sufuria kwa majivu na kumbi. Kufua kwa majani ya mpapai sabuni ilipopotea. Kusafisha kioo cha chemli, kwa sababu mkono wa mtoto ndio unaopenya bila kukivunja, na kikivunjika jiandae. Kufagia uwanja kwa fagio la chelewa kabla jua halijatoka. Kaka zetu walikuwa wapi? Uwanjani, mpira wa makaratasi na kamba za katani. Wakirudi wanauliza, "Chakula bado?"

Haya, haki yake nimpe, japo inaniuma. Foleni ya duka la kaya, lile la bidhaa za mgao, ilikuwa yake. Aliamka usiku akaenda kuweka jiwe lake kwenye mstari, na nakumbuka siku aliyosimama tangu alfajiri akarudi adhuhuri mikono mitupu, midomo imemkauka, sukari imeishia watu watatu mbele yake. Hakulia, lakini hakula pia. Na yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kiberiti kwa mama kutema mate chini: yasikauke kabla hujarudi. Alikuwa na mbio yule mtoto, mashallah.

Tena sisemi watoto wasifanye kazi. Mwanangu wa kidato cha pili anafua soksi zake na anajua kupika ugali usio na mabuja. Hata Sheria ya Mtoto ya 2009 inataja wajibu wa mtoto kwa familia yake, na inasema mtoto, haisemi mtoto wa kike. Walioandika waliona mbali kuliko wajumbe wa kundi letu la ukoo.

Basi nikaandika kwenye kundi: "Kaka, shikamoo. Hebu tueleze, pasi hiyo inafunguliwaje?"

Kimya. Alama mbili za buluu, ukoo mzima umesoma. Binamu wa Muscat akatuma katuni ya kucheka kisha akaifuta. Baada ya robo saa kaka akajibu: "Si unavuta tu hapo juu."

Haivutwi hapo juu. Unamwinua jogoo.

Ndipo dada, ambaye kwenye kundi lile huandika tanzia na Idi Mubarak peke yake, akarekodi sauti ya sekunde tisa. "Mie nina alama ya pasi hiyo mkononi mpaka leo. Nilikuwa nanyoosha kaptula yako ya kaki, ulikuwa na mechi."

Kaka akaandika, "Pole sana dada yangu." Dakika moja ikapita, kisha akaongeza: "Lakini tulilelewa, bwana."